KIKOMBE juu ya mtaala wangu! Huyu mtu wa idara yetu leo amevuka mpaka

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jina silitaji, hakuna haja, mnamjua nyote: yule ambaye akikohoa tu kwenye korido, wahadhiri wasaidizi wanajificha maktaba hadi muhula uishe.

Leo tulikuwa na kikao cha idara. Nawasilisha rasimu ya mtaala mpya, kazi niliyoifanya usiku na wikiendi, maana mchana nina vipindi mpaka sauti inakauka. Sijafika hata kwenye malengo ya kozi, mtu kanyoosha mkono, kavuta nakala yangu, kaweka KIKOMBE juu yake. Halafu anasema, "Angalau sasa imepata kazi." Watu wakaangua kicheko. Mkuu wa idara naye kacheka!

Kikombe. Juu ya mtaala.

Na ndivyo tunavyoishi. Idara imekatika vipande viwili, yeye na wapambe wake upande mmoja. Kozi wanafundisha wawili, kila mmoja kakalia alama akisubiri mwenzake atangulie kupeleka. Matokeo hayaingii kwenye mfumo. Mwanafunzi wa tasnifu ana wasimamizi wasiosalimiana: huyu anamwambia futa sura ya tatu, yule anamwambia irudishe. Atazeeka na sura ya tatu! Mtahini wa nje kaja, mwongozo wa kusahihisha hauonekani, kila mtu anamnyooshea kidole jirani. Hebu niambieni, kesho naingia darasani na moyo gani? Mtaala siugusi tena, ufie hapo hapo. Duara la kikombe liko kwenye jalada mpaka sasa, nimelipiga picha.

Chaki Tupu: Pole mkuu. Huyo alianzia kwetu. Siku aliyohama tulilala usingizi wa kichanga.

Jicho la Nyuma: Swali: kikombe kilikuwa kitupu au kilikuwa na chai? Inabadilisha kesi.

Mleta mada: KILIJAA! Na kimemwagikia ukurasa wa marejeo!

Mzee wa Nadharia: Tutulie. Mtafiti wa migogoro ya timu, Karen Jehn, mwaka 1995 alitenganisha mgogoro wa kazi (kubishania kazi yenyewe) na mgogoro wa watu (chuki binafsi), akaona ule wa kazi wakati mwingine unasaidia. Watafiti wengine, De Dreu na Weingart, mwaka 2003 wakakusanya tafiti nyingi, wakakuta aina zote mbili zinaambatana na utendaji mbovu wa timu. Kwa hiyo mleta mada anapaswa kwanza kubainisha...

Jicho la Nyuma: Mzee, zimebaki slaidi ngapi?

Karani Mkongwe: Nyie mnagombana, anayetukanwa dirishani na wanafunzi ni sisi wa ofisi ya mitihani. Alama mnaleta siku ya mwisho, saa kumi jioni, kwa penseli, bila saini!

Chaki Tupu: Karani usituanze. Fomu yangu ya madai ya vipindi vya ziada imelala kwenu mpaka imeota mvi.

Karani Mkongwe: Haina saini ya mkuu wa idara. Nimeshakwambia.

Fundi Maabara: Na sisi je? Mitaala mnatunga bila kutuuliza, vitendo vikikwama tunaitwa wazembe.

Mleta mada: Jamani, KIKOMBE!

Karani Mkongwe: Fundi, si wewe uliyeondoka na ekstensheni ya ofisi yetu?

Fundi Maabara: Nilimkabidhi Chaki Tupu. Muulize.