Fundi uliyegusa seva yetu ya Chake: namba ya mhasibu umempa nani?

Wana Linux mnisamehe, leo nimekasirika na hata chai sijanywa.

Ofisi yetu hapa Chake Chake ilimwita fundi azilinganishe namba za watumiaji na zile za seva ya Unguja, kwa sababu faili tunagawana kwa NFS (njia ya kugawana faili kwenye mtandao) na NFS yetu haimjui mtu kwa jina, inatazama UID tu, yaani namba ya mtumiaji. Wazo zuri, sikatai. Jamaa kapiga `usermod -u 2003 mhasibu`, kumtoa mhasibu namba 1003 na kumpa 2003, kaona kimya, kakimbilia boti Mkoani.

Bwana wee! Amri ile hubadilisha namba ya mwenyewe kwenye faili zilizomo ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji na sanduku lake la barua, basi. Vitabu vya hesabu viko `/srv/hesabu`, na huko kila faili imebaki na 1003 yake ya zamani. Diski haiandiki jina la mtu, inaandika namba. Jina linatoka `/etc/passwd`, faili inayosema namba fulani ni ya nani. Na namba ya kikundi kaibadilisha kwa `groupmod -g`, ambayo haigusi faili hata moja.

Hayo ningeyameza. Lakini siku ile ile 1003 kampa kijana aliyekuja kujifunza kazi! Napiga `ls -l`, naona `mishahara.ods`, ruhusa 600 (mwenyewe tu ndiye husoma na kuandika), mwenyewe: `mwanafunzi`. Wallahi nilifuta miwani. Mhasibu kafungiwa nje ya kazi yake mwenyewe, mtoto wa watu anasoma mshahara wa mkubwa. Ndiyo yale ya kununua laini mpya ukaanza kupokea meseji za madeni ya mtu mwengine.

Ile namba ingeachwa tupu, ningemaliza kwa mstari mmoja, unaotafuta kila faili ya 1003 na kuipa 2003:

`find / -xdev -uid 1003 -exec chown -h 2003 {} +`

Nikiupiga sasa, na kazi za kijana zinahamia kwa mhasibu. Kuchambua kwa tarehe nako hakuna maana, keshazifungua baadhi na kuzisevu upya (kwa nia njema, anasema alidhani kapewa azipange).

Nimempigia fundi. "Mbona mimi naona majina yote yapo?"

Bahati ninayo bakapu ya tar (faili nyingi zilizofungwa pamoja) ya kabla fundi hajaja, na tar inahifadhi jina pamoja na namba. Usiku huu naitoa orodha kwa `tar -tvf`, nijue kipi kilikuwa cha nani. Kijana nimeshamfungia akaunti, amenuna.