Mjadala: Elimu ya habari kwa watoto ni kazi ya mzazi peke yake, au jiji nalo linahusika?

Mleta mada
Wakuu, mtoto akiamini picha ya kughushi au akinaswa na tangazo lililofichwa ndani ya mchezo wa simu, lawama zote humwangukia mzazi: "Ulikuwa wapi?" Mimi nasema halmashauri za miji nazo zina wajibu wa kuwafundisha watoto kupima habari wanazokutana nazo, na wajibu huo uonekane kwenye bajeti. Semina moja kwa mwaka haitoshi. Ibara ya 17 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inazitaka nchi zihakikishe mtoto anapata taarifa kutoka vyanzo mbalimbali, na zihimize miongozo ya kumkinga na zile zenye madhara. Wanaotia saini ni serikali kuu, lakini katika nchi nyingi maktaba na vituo vya vijana vinaendeshwa na miji. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza
Napinga hoja. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Nani atausimamia sebuleni kwangu, diwani? Malezi ni ya nyumbani. Jiji lizibue mitaro kwanza.

Mleta mada
Mkuu, saa ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Mtoto anaweza kutazama kwa dakika kumi akaondoka na uongo wa kumkaa mwaka mzima. Halafu angalia huu umri wa miaka 13 unaowekwa na mitandao mingi ya kijamii. Wazazi wengi hudhani ulipendekezwa na wataalamu wa makuzi. Chanzo chake kikuu ni sheria ya Marekani ya 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Ilihusu taarifa binafsi, haikupima kama akili ya mtoto imekomaa. Mzazi ataambiwa wapi jambo kama hili?

Mchangiaji wa pili, mkutubi
Ataambiwa maktaba, ila si kwa mhadhara. Nimeona familia zikisinzia mbele ya mtaalamu anayeorodhesha hatari za intaneti. Zinachangamka pale unapochukua ujumbe uliozunguka kwenye makundi ya simu ukawaambia bibi na mjukuu waufuatilie pamoja hadi ulikoanzia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari. Wasomi walikaa kwenye ukurasa wakiuchambua, na wengi wakadanganywa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wahakiki walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu chanzo kile. Hata mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa hivyo, tena mara nyingi yeye ndiye humfundisha mama yake.

Na watoto wapewe nafasi ya kutengeneza habari wenyewe, maana aliyewahi kukata sauti ya mtu kwenye kompyuta anajua jinsi maneno yanavyoweza kupindishwa. Jiji la São Paulo, Brazili, lilipitisha sheria mwaka 2004 kuingiza kazi hii kwenye shule zake, baada ya kuanza na redio za wanafunzi. Helsinki, Finland, ilifungua maktaba ya Oodi mwaka 2018, na ndani yake mna studio ambazo mkazi yeyote anaweza kutumia. Yote mawili ni maamuzi ya jiji.

Mchangiaji wa tatu
Mimi naogopa kitu kingine. Leo jiji linawafundisha watoto kutambua uzushi, kesho habari ya mwandishi aliyefichua zabuni chafu nayo inaitwa uzushi. Mwenye mamlaka asipewe kazi ya kuwaambia watoto wetu nini ni kweli.

Mleta mada
Hofu hiyo ni ya haki, na bila kuijibu mpango wote haufai. Jiji litoe majengo, fedha na mishahara. Maudhui yapangwe na wakutubi, walimu, waandishi na wazazi, na diwani asiwe na kura humo. Kampuni zinazouza matangazo kwa watoto zisidhamini hata daftari. Na taarifa za jiji lenyewe ziwe somo la kwanza: halmashauri ikitangaza kuwa barabara imekamilika, watoto waende na kinasa sauti, waione, wawaulize wakazi, kisha watangaze walichokuta.

Mchangiaji wa kwanza
Hapo kwenye barabara nakubali. Lakini watakaokuja maktaba ni wazazi wenye nafasi, walewale ambao watoto wao tayari wana nafuu. Anayefanya kazi za usiku mtampataje?

Mkutubi
Tumfuate. Mzazi huyo hupeleka mtoto kliniki kupata chanjo, na huko husubiri muda mrefu. Mkutubi mmoja na benchi moja vinatosha kuanza, na hakuna jengo jipya la kujenga.

Mchangiaji wa kwanza
Mkutubi wa kliniki nitamuunga mkono. Studio bado sijashawishika, wekeni gharama hapa tuzione.