Mchanga unakula vifaa vya visima vya mafuta, wanazuiaje?

ChaliiWaSakina: Wakuu habari za jioni, niko Arusha nafunga pampu za visima vya maji, mchanga unasaga impela (zile panga za ndani ya pampu zinazosukuma maji) mpaka zinaisha kabisa. Sasa kwenye mafuta ambako presha ni kubwa mno wenzetu wanafanyaje?

Kibosho_Juu: Mkuu adui ni spidi. Mchanga ukipita kwa spidi mara mbili, chuma kinaliwa hata mara tano sita, ndo maana wanabana mtiririko kwenye choki (vali ya kupunguza mtiririko pale juu ya kisima), na hiyo choki yenyewe ndo inachapwa zaidi kwahiyo ndani wanaweka tungsteni kabaidi, kitu kigumu sana, chuma cha kawaida hakifui dafu. Kwenye kona badala ya elbo (kiungio cha bomba kilichopinda) wanafunga tii (kiungio cha umbo la T) iliyozibwa upande mmoja, mafuta yanajaa pale yanakuwa kama godoro la kupokea kipigo.

MamaMaji_Moshi: Naongezea, mchanga wanauzuia chini kabla haujapanda, skrini (bomba lenye matundu ya kuchuja) pamoja na changarawe iliyochekechwa saizi ya mchanga wa pale. Hata maji ni hivyohivyo, ila kuna wachimbaji wanamwaga kokoto yoyote tu, inauma kwa kweli. Mdogo wangu kabla hujanunua impela nyingine bana geti vali (koki ya kwenye bomba la kutolea maji), kinga ndoo uone mchanga umepungua kiasi gani.

ChaliiWaSakina: Asante sana dada, kesho nabana.