Ushauri: warithi wanataka kugawana shamba lenye msitu, Pemba

Mjukuu wa Konde
Assalaam alaykum ndugu zangu. Marehemu babu ameacha shamba huku Konde. Juu ni mikarafuu, bondeni ni msitu wa asili, mivule mikubwa na popo wanalala humo. Uhai wake wote babu alichukua boriti na kuni tu. Sasa ami mkubwa ameleta mfanyabiashara wa mbao anayetaka mivule yote kwa mkupuo. Shangazi, aliyeko Dar, anataka kila mtu apimiwe chake auze. Mama na mimi tunataka bonde libaki, kwa sababu kisima tunachotumia mtaa mzima kiko chini yake. Tufanye nini kabla msumeno haujaingia?

Ami wa Chake
Waalaykum salaam mwanangu. Poleni na msiba. Kwanza lipeni madeni na wasia kama upo, kisha nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au kwa Kadhi mkizozana, kila mtu ajue fungu lake. Lakini kujua fungu si lazima kukata ardhi vipande. Mnaweza kubaki na shamba zima mkagawana mazao. Karafuu zikiuzwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, risiti ipo, hakuna wa kumdhulumu mwenzake.

Bint Wete
Kwa heshima yako ami, hilo linataka msimamizi wa kweli. Majirani zetu waliacha shamba bila kugawa wala kuandikiana. Kila mmoja aliona nduguye atamtangulia, basi wakashindana kukata. Miti iliisha kabla hawajafika kwa Kadhi. Mtu asiye na hakika kwamba mti utakuwa wake mwakani ataukata leo, hata kama anaupenda. Andikeni mkataba, sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, ashuhudie, mtajeni msimamizi kwa jina.

Mpimaji Mstaafu
Kijana, tafuta kwanza shamba lilipatikanaje. Kama ni eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, babu alipewa na serikali, na masharti yake si ya shamba la kununua. Kwa sheria ya ardhi ya 1992 ardhi yote Zanzibar ni ya umma, sisi tuna haki ya matumizi. Miti lakini inaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi. Ndiyo maana mtu wa mbao hana haja na shamba lenu, anataka miti tu, halafu mnabaki na bonde jeupe.

Na hata mkimuuzia, hakati bila kibali cha watu wa misitu. Ipo sheria ya misitu ya 1996. Nenda ofisi yao Wete mapema, uwaeleze kuna mzozo wa mirathi, usingoje mpaka gari la mbao lifike.

Mama Karafuu
Kuhusu popo, msiwadharau. Popo wa Pemba hapatikani kwingine duniani, na miaka ya 1980 alikaribia kwisha kwa kuwindwa. Kidike walimlinda wanakijiji wenyewe, wageni wakaja kumtazama na kijiji kikapata kitu. Mwonyeshe ami yako kwamba msitu nao unaingiza pesa, ingawa polepole. Yeye ana shida ya pesa sasa hivi, kwa hiyo hilo peke yake halitamtosha. Mwulizeni anadaiwa nini.

Mjukuu wa Konde
Allah awalipe. Nimeongea na mama. Fungu la shangazi tutajaribu kulinunua kidogo kidogo kwa karafuu za msimu ujao, alipwe kwa maandishi. Ami kweli ana mtoto anayesomeshwa, tunatafuta njia ya kumsaidia ada. Mama anataka fungu lake la bondeni aliweke wakfu, yaani alitoe kwa ajili ya Allah lisiuzwe wala kurithiwa. Je, mtu mmoja anaweza kuweka wakfu fungu lake kabla shamba halijapimwa?

Ami wa Chake
Suali hilo lipeleke Kamisheni pamoja na hati za shamba. Wanazuoni wametofautiana juu ya mali ya shirika, yaani ya watu wengi isiyogawanywa, msiliamue nyumbani. Na ofisi ya misitu nenda kesho.