Tupeane uzoefu: Ni zoezi gani la klabu lililokufundisha redio ya ridhaa kuliko mtihani?

Mwanzilishi wa mada

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote. Klabu zetu hupokea watu wenye hamu kubwa ya kupata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya mawasiliano ya redio yasiyo ya biashara, wakafundishwa sheria, umeme na hesabu za mawimbi, wakafaulu mtihani, kisha wakanyamaza. Alama ya mwito, yaani jina la kituo chao hewani, wanayo na redio wanayo, lakini hawajui waanze vipi, wazungumze na nani, wala wasikilize nini. Kwa maoni yangu kasoro haiko kwa wanafunzi. Iko katika mafunzo yanayokomea ubaoni.

Naomba kila mwenye uzoefu aeleze zoezi moja tu, alilofanyishwa au alilolisimamia, ambalo baada yake mtu alianza kuitumia redio kweli, na alieleze kwa kina cha kuiwezesha klabu nyingine kuliiga. Habari za kuchelewa kwa leseni na bei za mitambo tuziweke kando.

Mwanachama, Nairobi

Klabu iliyonilea ilikuwa na desturi ya kumzuia mwanafunzi asiguse kitufe cha kurushia mpaka ajue kusikiliza, na somo lenyewe lilitolewa kwa vituo vya ishara, vinavyorusha milio ya kusikilizwa tu. Wanaredio wa ridhaa, kwa ushirikiano na shirikisho lao la kimataifa la IARU, walianzisha mtandao wa vituo 18 vya namna hiyo ulimwenguni, na kimoja kati ya hivyo, chenye alama 5Z4B, ni cha hapa Kenya. Vyote hutumia masafa yaleyale, kwa mfano megahezi 14.100, lakini kwa zamu: kila kituo kina sekunde zake 10, na baada ya dakika 3 mzunguko huanza upya. Kituo hutaja alama yake kwa msimbo wa Morse, kisha hutoa milio minne mirefu, wa kwanza kwa nguvu ya wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, na wa nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati, ambayo ni pungufu ya taa ya tochi.

Mwalimu wetu alitupa ratiba ya zamu, ramani ya dunia na saa iliyorekebishwa kwa usahihi. Hatukuwa tunajua Morse hata herufi moja, na hatukuihitaji, kwa sababu saa ndiyo iliyotuambia ni zamu ya nani. Kazi yetu ilikuwa kuandika tumesikia milio mingapi kutoka kila kituo, asubuhi, adhuhuri na baada ya magharibi, kisha kupanda kwenye megahezi 21.150 na 28.200 na kurudia. Karatasi zilipojaa, darasa zima lilikuwa limeona kwa masikio, kama inaruhusiwa kusema hivyo, kwamba njia za angani hufunguka na kufungwa kwa saa. Kituo cha Afrika Kusini, ZS6DN, kilisikika wakati ambapo kile cha Finland, OH2B, kilikuwa kimya kabisa, na jioni mambo yakageuka. Palipokuwa na njia nzuri, hata mlio wa tatu ulifika. Palipokuwa hapana njia, wati 100 hazikusaidia kitu. Tangu siku hiyo sikuwahi kumsikia mwenzangu yeyote wa darasa lile akilalamika kwamba redio yake haina nguvu kabla ya kuuliza ni saa ngapi na ni masafa gani.

Ukitaka kuliiga, redio yoyote ya kupokea masafa mafupi inayoweza kunasa mawimbi ya Morse inatosha, pamoja na waya wa mita 10 uliotandazwa dirishani hadi mtini.

Mwanachama, Mombasa

Mimi nitazungumzia daftari la mawasiliano, jambo ambalo wengi huliona dogo. Wanaredio wote duniani huandika muda kwa saa ya dunia (UTC), ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Mkufunzi anayefundisha kwa Kiingereza husema, “Ondoa tatu,” akaendelea na somo. Lakini mwanafunzi wa huku kwetu kichwani mwake ana saa ya Kiswahili, kwa hiyo anapaswa kuongeza sita kwanza, kisha aondoe tatu, na katikati ya hesabu hizo mbili mwenzake wa hewani ameshaaga.

Katika klabu yetu mzee mmoja aliyekuwa baharia aliondoa usumbufu huo kwa kanuni moja: kwa saa za mchana, ongeza tatu juu ya saa ya Kiswahili. Saa tatu asubuhi ni 0600 ya dunia. Saa saba mchana ni 1000. Saa kumi na mbili jioni ni 1500. Kwa saa za usiku ongeza kumi na tano, hivyo saa mbili usiku ni 1700, na saa tisa za usiku wa manane ndipo tarehe mpya ya dunia inapoanza. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kwetu usiku wa Jumamosi ni usiku wa kuamkia Jumapili, ilhali daftari la dunia, saa nane za usiku huo, bado linasoma 2300 ya Jumamosi.

Zoezi lilikuwa hivi: mkufunzi anasoma orodha ya mawasiliano ya kubuni kwa saa za Kiswahili, nasi tunaandika kwa saa ya dunia pamoja na tarehe, haraka haraka, bila kuhesabu vidoleni. Kadi ya kuthibitisha mawasiliano isiyolingana na daftari la upande wa pili haikubaliki, hata kama mlizungumza vizuri namna gani.

Mwanachama, Arusha

Kwetu zoezi lililowapata vijana ni la kuwinda kituo kilichofichwa. Mtu mmoja huficha redio ndogo inayorusha mlio kila baada ya muda kwenye masafa ya mita 2, yaani kati ya megahezi 144 na 146, na wengine huisaka kwa miguu. Antena hutengenezwa klabuni asubuhi ya siku hiyohiyo kwa mabomba ya plastiki ya fundi bomba na futi ya chuma, ile ya kukunja ya mafundi wa ujenzi. Kipande cha nyuma kina karibu sentimita 105, cha mbele karibu sentimita 89, na katikati kuna vipande viwili ambavyo ndivyo vinavyounganishwa na waya wa redio. Kutoka kipande cha nyuma hadi cha katikati ni sentimita 20 hivi, na kutoka hapo hadi cha mbele ni 32. Rangi ya futi lazima ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, la sivyo risasi ya kulehemia haishiki.

Asubuhi hiyo moja mwanafunzi hushika koleo, hulehemu, hupima, na kabla ya chakula cha mchana anajua kwa mkono wake kwamba antena ina uso na ina mgongo. Ukaribiapo kituo, ishara huwa kali kila upande na mwelekeo hupotea. Hapo anafundishwa kusogeza masafa kidogo pembeni ili ishara idhoofike, au kuondoa antena kabisa, kukumbatia redio kifuani na kuzunguka taratibu, kwa kuwa mwili wake mwenyewe huziba mawimbi yanayotoka mgongoni. Somo ambalo hakuna aliyelipanga lilitokana na mabati. Tulifanyia zoezi karibu na soko, na paa kubwa la mabati la ghala moja lilikuwa likirudisha mawimbi kwa nguvu kiasi kwamba vikundi viwili viliizunguka ghala hiyo kwa muda mrefu, ilhali redio ilikuwa ng’ambo ya barabara, ndani ya shamba la migomba. Nilifundisha sura ya kuakisiwa kwa mawimbi miaka mingi kwa picha za ubaoni, na sasa siifundishi tena kwa picha.

Mwanachama, Dar es Salaam

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzilishi wa mada. Mtihani unasingiziwa. Ndugu wa Arusha ametaja sentimita bila kueleza zimetoka wapi, na bila hesabu mwanafunzi atakayebadilisha masafa atakwama palepale. Sisi hufanya kinyume: kwanza mwanafunzi hugawanya 300 kwa megahezi 145 apate urefu wa wimbi la mita 2.07, huchukua robo yake, hupunguza asilimia 5 hivi kwa sababu mawimbi ndani ya waya huenda polepole kidogo, na hupata sentimita 49. Ndipo anapopewa kikatio, huku kipimo cha nguvu zinazorudi kutoka kwenye antena kimeunganishwa, akate waya wa sentimita 55 kidogo kidogo mpaka sindano ishuke. Anapoona imeshuka karibu na pale hesabu ilipomwambia, hahitaji kushawishiwa tena kuhusu hesabu.

Mwanachama, Kisumu

Kaka yangu wa Dar amesema kweli, ila nitaleta zoezi ambalo hesabu zake ni chache na nidhamu yake ni nyingi: kupeleka ujumbe wa dharura. Huku kwetu mafuriko ni jambo la kila msimu wa mvua kubwa katika nyanda za Kano, kwa hiyo hakuna anayeuliza zoezi hili ni la nini. Wakongwe wa klabu hupenda kutukumbusha tsunami ya Desemba 2004, ambapo kikundi cha wanaredio wa ridhaa wa India, kilichokuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman kwa shughuli zake za kawaida, ndicho kilichopitisha habari za watu waliopotezana na jamaa zao simu zilipokatika.

Tunatoka nje na betri ya gari, redio ya wati 100, na waya wa mita 20 uliokatwa katikati, ukapandishwa mita 4 tu juu ya ardhi. Wageni hushangaa kwamba hatuuinui zaidi. Kwenye megahezi 7, waya ulio chini hivyo hurusha mawimbi wima juu, nayo hurudi ardhini ndani ya kilomita mia chache bila kuruka mtu, na Nairobi imo humo. Redio ikirusha hunyonya karibu ampea 20, ikisikiliza hunyonya moja au zaidi kidogo. Basi msemaji mrefu humaliza betri ya wote.

Ujumbe huandikwa kwanza, maneno yakahesabiwa, ukasomwa polepole, na mpokeaji huusoma wote tena kabla ya kusema ameupokea. Haruhusiwi kufupisha wala kurekebisha lugha ya mwandishi. Tatizo letu kubwa lilikuwa “sita” na “tisa”, ambazo katikati ya mikwaruzo ya radi ni neno moja. Mablanketi sita na mablanketi tisa si habari moja kwa anayeyasubiri. Tulikubaliana kusema “sita, inayofuata tano” na “tisa, inayofuata nane”, na majina ya watu na vijiji huendelezwa kwa Alfa, Bravo, Charlie kama kawaida. Na mawingu yakianza kuwa meusi upande wa ziwa, zoezi linasimama na antena inachomolewa. Hilo halina mjadala.

Mwanachama, Muscat

Shikamooni wakubwa. Nami nachangia kutoka Oman, ambako redio ya ridhaa ina heshima yake, kwa kuwa marehemu Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa na alama A41AA. Zoezi langu ni setilaiti ya QO-100, inayorudisha ardhini sauti za wanaredio wa ridhaa, iliyorushwa Novemba 2018. Haionekani ikihama mbinguni kama nyingine, bali huonekana imesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 26 mashariki, na inaonekana kutoka Afrika nzima, Ulaya na huku Ghuba. Sahani ya televisheni ya sentimita 80 inatosha kuipokea kwenye gigahezi 10.489. Mwanafunzi akisikiliza huku mwenye leseni akirusha, husikia sauti ikirudi baada ya robo ya sekunde hivi, kwa sababu imesafiri kilomita zaidi ya 70,000 kwenda na kurudi. Wanafunzi wa Unguja na wa Muscat wanaweza kufanya somo hili kwa wakati mmoja, wakisikia vituo vilevile, na ningependa klabu mojawapo ya huko ijitokeze tupange siku.

Mwanachama, Nyeri

Klabu yetu huwaalika maskauti kila Oktoba, katika jamboree yao ya hewani, na hapa Nyeri, alikozikwa Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, mwaka 1941, haihitaji kuwaeleza sana kwa nini wenzao wa nchi nyingine wanataka kuzungumza nao. Mtoto huzungumza akiwa ameketi kando ya mwenye leseni, anayebaki na dhamana ya kituo. Hofu ya maikrofoni tuliiondoa kwa kuwafanyisha mazoezi ya wawili wawili, mmoja chumba hiki na mwingine chumba cha pili, kwa redio ndogo za mkononi: jina, mahali, hali ya hewa, swali moja, kisha “nakupa nafasi”. Hiyo “nakupa nafasi” ndiyo ngumu kuliko yote, maana mtoto akishazoea hataki kuiachia.

Mwanachama mpya, Morogoro

Shukrani nyingi kwenu. Naomba kumuuliza ndugu wa Arusha: futi hiyo iwe ya upana gani? Niliyo nayo inajikunja ikiachwa peke yake.

Mwanachama, Arusha

Tumia ya milimita 25. Nyembamba zaidi ya hapo haijishiki. Ifunge kwenye bomba kwa vibano vya mpira wa maji, ule upande uliopinda uelekee mbele. Na ukishaikata, funga ncha zake kwa utepe wa umeme kabla hujampa mtoto aishike, kwa sababu zinakata kama wembe.