Mjadala: Panya Road wakiuawa, TV zetu anabaki nazo nani?

Mwanzisha mada, Tabata

Wakuu, salaam. Nalileta hili tulijadili, maana kijiweni kwetu limeshakosanisha watu wawili waliokuwa wakila sahani moja.

Vijana wa mapanga, hawa tunaowaita Panya Road, wakizuka Dar, mambo huenda kwa mtindo uleule. Mtaa unavamiwa usiku, watu wanakatwa, simu na TV zinabebwa. Tunapiga kelele. Viongozi wanakuja na msafara, operesheni inatangazwa, na baada ya siku chache tunasikia watuhumiwa wameuawa. Septemba 2022 ilikuwa hivyohivyo: mwanafunzi wa chuo aliuawa Kawe, mji ukachemka, na haukupita muda polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa sita wa Panya Road. Nilishangilia na mimi, sijitoi.

Lakini hebu tujiulize. Kijana wa miaka 17 mwenye panga hana ghala. TV ya inchi 43 hailiwi. Anayeibeba saa nane usiku lazima ajue alfajiri anampelekea nani. Huyo anayepelekewa ana fremu, ana mtu wa bodaboda wa kumbebea mzigo, simu yake inapokelewa usiku wa manane, na ana pesa taslimu. Tunaposema uhalifu wa kupangwa, aliyeupanga ni huyo. Kijana ni deiwaka tu, kibarua wa siku, na deiwaka akikosekana leo, kesho anapatikana mwingine.

Angalieni na sheria. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na ukitiwa hatiani kima cha chini ni miaka 30. Kupokea mali ya wizi, kwa Kanuni ya Adhabu hiyohiyo, dhamana ipo na kifungo hakizidi miaka kumi. Tofauti hiyo sina ugomvi nayo, aliyeshika panga anaweza kutoa roho ya mtu. Ila hata hiyo miaka kumi, mtaani kwetu sijamwona aliyewahi kuionja. Na tusijifanye malaika: kila mwenye gari Dar anajua pa kwenda kununua saiti mira yake mwenyewe iliyoibwa. Tunakwenda, tunapunguziwa bei, tunashukuru, halafu tukirudi nyumbani tunawalaani vibaka.

Swali langu ni hili: risasi ile inatulinda sisi, au inamlinda mnunuzi? Maana marehemu haandiki maelezo polisi.

Mkazi wa Chanika

Kaka, unaandika vizuri kwa sababu ulilala. Kwangu waliingia 2022. Walizidi kumi, wadogo wadogo, mmoja kavaa kaptula ya shule. Wanangu walikuwa uvunguni. Mume wangu ana kovu kuanzia nyuma ya sikio mpaka begani, na hadi leo mkono ule haunyanyui ndoo. Tulipiga simu, gari likafika jua limeshatoka.

Siku niliyosikia kuna waliouawa nilipata usingizi. Sioni aibu kulisema. Huyo mnunuzi wenu hakunishikia panga mimi.

Kijana wa Sinza

Mnazunguka tu. Dawa ni moja, Bukele, yule rais wa El Salvador. Kule wamewafungia watu wa magenge kwa maelfu kwenye gereza moja kubwa na watu sasa wanatembea usiku. Sisi tunaleta haki za binadamu kwa watu wasio na ubinadamu.

Mstaafu, Kijitonyama

Mwanangu wa Sinza, nakusikia. Mauaji El Salvador yameshuka kweli, tusidanganyane. Lakini kule walikuwa wanapambana na magenge yenye viongozi, yanayotoza duka kwa duka, kwa miaka mingi. Hali ya dharura ilitangazwa Machi 2022, waliokamatwa wamezidi 80,000, na serikali yenyewe imelazimika kuachia maelfu waliokutwa hawana hatia. Wewe na hizo nywele mnazofuga siku hizi, saa sita za usiku uko kijiweni, una hakika gani usingekuwa kwenye karandinga la kwanza?

Kukamata kwa mafungu tumeshakujaribu. Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2015 nilikuwa Mwananyamala. Uvumi ulienea kuwa Panya Road wanakuja, watu wakakimbia hovyo, maduka yakafungwa, mama mmoja aliacha sufuria ya maandazi jikoni inaungua. Siku zilizofuata vijana walikamatwa kwa mamia. Miaka saba baadaye jina ni lilelile, na kazi ni ileile.

Nimekulia Unyamwezini, nimewaona sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe. Ng'ombe akiibiwa, mbiu inapigwa, wanaume wanafuata nyayo. Kijiji nyayo zilipoishia ndicho kilichotakiwa kujieleza. Sio mwizi peke yake, aliyempokea pia. Ndiyo maana wizi ulipungua. Wamefanya na maovu yao, sitaki kuwapamba: wameua watu, na wapo vikongwe waliosingiziwa uchawi. Hata hivyo mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili nao watambulike. Tulipowaleta mjini tulichukua virungu na filimbi, zile nyayo tukaziacha Tabora. Leo ulinzi shirikishi mtaani kwangu ni vijana wanne, tochi moja, na mchango ambao nusu ya nyumba hazitoi. Za kuta ndefu ndizo sugu.

Wakili, Ubungo

Mwenye Chanika, pole sana dada yangu. Sitabishana na usingizi wako.

Nataka tu kumkumbusha kila mmoja Januari 2006. Polisi wa Dar walitangaza kuwaua majambazi wanne. Ikaja kubainika kuwa watatu ni wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge na wa nne ni dereva teksi aliyekuwa amewabeba, na waliuawa msitu wa Pande, si kwenye mapambano yoyote. Iliundwa tume ya jaji, kesi ikaanza. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia maofisa wote walioshtakiwa, na mpaka Mahakama ya Rufani ilipomtia hatiani ofisa mmoja ilikuwa 2016. Miaka kumi. Siku ya kwanza, kabla hatujajua ni akina nani, mji ulifurahi.

Simaanishi wale sita wa 2022 hawakuwa wahalifu. Namaanisha mimi na wewe hatuna njia ya kujua, kwa sababu aliyefyatua risasi ndiye aliyetuhadithia. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, ilipokabidhi ripoti Julai 2023, ilipendekeza kiwepo chombo cha upelelezi kinachojitegemea. Tuijadili hiyo, wakuu, tuache Bukele.

Fundi simu, Kariakoo

Naona mnatupiga mawe bila kututaja, basi ngoja niongee.

Kwanza, simu ya wizi siku hizi haiuzwi nzima. Ikifungwa kwa akaunti ya mwenyewe ni jiwe. Kwa hiyo inafumuliwa: kioo peke yake, betri peke yake, kamera peke yake. Ile namba ya IMEI, inayoitambulisha simu, inabaki kwenye bodi, na bodi haionekani tena. Mteja analeta simu iliyopasuka, anataka kioo, namtajia bei ya kipya, anashika kichwa. Anauliza, "Hakuna cha kuchomoa?" Nikisema hakuna, anahamia fremu ya jirani, na jirani anacho. Nani hapo mhalifu?

Mimi anayekuja kuniuzia namwambia alete boksi, risiti na kopi ya kitambulisho. Nimepoteza wauzaji wengi. Lakini msiseme serikali haiwezi. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima usiku mmoja, tukaamka asubuhi wateja wamepanga foleni. Waliotaka waliweza. Wakitaka hata mafundi tusajiliwe na tuandike kila spea imetoka wapi, mimi wa kwanza kusaini. Ila na jirani asaini.

Mwanzisha mada, Tabata

Fundi, umenitoa ushamba. Nilikuwa nafikiria mnunuzi ni bwana mmoja mwenye tumbo, kumbe na mwenye kuomba "cha kuchomoa" yumo. Mwaka jana nilikuwa mimi huyo.

Mzee wa Kijitonyama, hilo la nyayo nalichukua. Sasa niulize kitu kimoja, na dada wa Chanika anijibu akipenda. Baada ya tukio, polisi walikuhoji nini?

Mkazi wa Chanika

Sikutaka kurudi hapa, lakini umeuliza kwa adabu.

Tulipewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Waliniuliza walikuwa wangapi, wamevaaje, nani ana adui na mume wangu. Baadaye niliitwa kuangalia sura za vijana, nikamtambua mmoja, yule wa kaptula. Baada ya wale kuuawa hatukuitwa tena. Mume wangu alikwenda mara mbili kuuliza, akaambiwa hilo limekwisha.

TV yetu tulikuwa tunailipia kwa kikoba. Karatasi ya dukani nilikuwa nayo, yenye namba zote, nikaenda nayo kituoni ndani ya bahasha. Niliitoa nikaiweka mezani. Afande aliniambia hiyo nikae nayo tu, mama, itakusaidia kwenye waranti.

Bado ninayo.