Gixxer ya bluu: feringi niliyoongeza haifanani na tangi, kosa liko wapi?

kavataa_155

Wakuu salaam. Pikipiki ni Suzuki Gixxer 155 ya 2018, bluu yao ile ya metaliki (Metallic Triton Blue, kodi ya rangi YSF). Imeongezewa vipande viwili: feringi ndogo ya taa (kava la plastiki la mbele) na kava la chini ya injini. Vyote vilikuja vyeusi bila rangi, ndani vimechapwa >ABS<, yaani aina ya plastiki. Duka limechanganya nusu lita kwa kodi, fundi akapuliza.

Ukisimama mbele, feringi inang'aa kidogo kuliko tangi, lakini inavumilika. Ukihamia ubavuni inageuka nyeusi-nyeusi, tangi linabaki bluu. Kava la chini ndilo balaa: lina giza kila upande, na usiku chini ya taa za sheli linavuta zambarau.

Jinsi kazi ilivyofanyika: feringi ilipigwa praima (rangi ya msingi) ya kijivu, kava likapigwa nyekundu kwa sababu kijivu iliisha. Rangi ilipulizwa kwa mbali, mikono mitano myepesi (yaani mara tano), kompresa kwenye psi 60 "ili isichuruzike". Juu yake klia (rangi angavu ya kumalizia) ya kopo la kupuliza. Duka linamlaumu fundi, fundi analilaumu duka. Nani mkweli?

msasa800

Mkuu, duka lina lake, ila kwa dalili ulizotoa kesi kubwa ni ya bunduki ya kupulizia.

Metaliki ina chembe za alumini zinazoelea ndani ya rangi. Ukipuliza kwa mbali na presha kubwa, matone yanafika yameshaanza kukauka, chembe zinalala bapa karibu na uso. Ukiitazama uso kwa uso inarudisha mwanga mwingi, ukienda pembeni inazima. Ukipuliza mbichi zaidi inakuwa kinyume: chembe zinapata muda wa kuzama na kujipanga ovyo, uso unakuwa na giza kidogo na ubavu unang'aa zaidi. Feringi yako imepulizwa kavu. Hata duka likichanganya mara kumi, rangi ileile kwa mkono uleule itatoa matokeo yaleyale.

Rekebisha hivi. Nozeli ya milimita 1.3, presha ya bunduki karibu baa 2 (psi 28 hadi 30) ukiwa umebonyeza kifyatulio, si inayosomwa kwenye tangi la kompresa. Umbali sentimita 15 hadi 20. Kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia au zaidi. Thina iwe ya polepole: joto la Dar linakausha thina ya haraka kabla haijagusa plastiki, na hapo umeshapuliza kavu bila kujua. Mikono miwili hadi mitatu ya wastani, kila mmoja usubiri mpaka mng'ao wa unyevu uishe kabisa, kama dakika 5 hadi 10. Ukiona mawingu (mabaka ya chembe), piga mkono mmoja wa ukungu kutoka sentimita 25 hadi 30 na presha ya chini zaidi. Mmoja tu, maana huo nao unaufanya uso ung'ae.

Kava la chini ni kesi nyingine. Bluu hii haifuniki vizuri, ukiiweka juu ya nyekundu unapata zambarau, hakuna muujiza hapo. Vipande vyote vipate praima ya rangi moja, kijivu cha wastani. Tena vining'inizwe kwa mlalo ule vitakaokaa kwenye pikipiki, vipulizwe siku moja, kutoka kikombe kimoja. Kilicholala mezani na kilichosimama ukutani havitoi metaliki inayofanana.

rangi_gerezani

Naongezea upande wa duka. Kodi inakupa rangi ya siku pikipiki ilipotoka kiwandani. Tangi la 2018 limekula jua miaka yote hiyo. Kabla ya kulinganisha chochote, lioshe, kisha lipige rabingi (dawa ya kung'arishia rangi) kiasi cha kiganja kimoja. Ukiona hapo pamekuwa na bluu tofauti na pembeni yake, ulikuwa unafananisha feringi na vumbi lililogandia kwenye klia. Piga rabingi tangi zima kwanza. Halafu angalia plastiki iliyofichwa chini ya siti au chini ya stika: hiyo ndiyo bluu halisi, na tofauti yake na juu ya tangi ndiyo kiasi cha kupauka.

Ikiwa imepauka sana, usinunue kwa kodi peke yake. Peleka kipande kinachofunguka, mfano kava la ubavuni, kwenye duka lenye mashine ya kusoma rangi. Isome sehemu bapa iliyopigwa rabingi, siyo kwenye kona. Mashine itakupa fomula ya karibu, macho ya mchanganyaji yatamalizia. Maduka mengi ya rangi za gari hayana kodi za pikipiki kwenye kompyuta, na kuna wauzaji watakaokupa "bluu ya gari inayofanana" bila kukuambia. Uliza waziwazi. Uliza pia kama fomula ni ya tabaka moja chini ya klia au mbili. Ikiwa ni mbili, idadi ya mikono ya tabaka la pili inabadilisha rangi, na lazima uihesabu.

Na usitarajie kufanana kwa asilimia mia. Hata kiwandani tangi la chuma na kava za plastiki havipulizwi pamoja. Tazama vizuri pikipiki mpya dukani, utaona.

kavataa_155

Asanteni sana. Maswali mawili. Rangi iliyopo niikwangue yote mpaka plastiki? Na ninunue kiasi gani safari hii, maana nusu lita ile imeisha na sijui ilienda wapi.

msasa800

Ilienda hewani, psi 60 inarusha nusu ya rangi ukutani.

Usikwangue yote kama imeshika. Jaribu hivi: chora kwa wembe mistari midogo ya msalaba mahali pa kujificha, bandika selotepu ngumu, ivute kwa nguvu. Ikitoka safi, rangi imeshika; piga msasa wa maji namba 600 mpaka mng'ao uishe kote. Ila klia ya kopo la kupuliza isiyo na hadina (dawa ya kugandisha inayochanganywa nayo) huyeyushwa kirahisi na thina ya rangi mpya, halafu inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Weka tone la thina kwenye kitambaa, lishikilie juu yake dakika moja. Ikilainika, ondoa klia yote kwa msasa 320, kisha 600, ufunge kwa praima ya hadina kabla ya rangi.

Usithubutu kuondoa rangi kwa thina kali au dawa ya kubandua. ABS inaingia nyufa nyembamba kama nywele, hutaziona leo, zitatokea juu ya klia baadaye. Kusafisha: maji na sabuni kwanza, kisha spiriti ya isopropili kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi. Siku ukipata kava limeandikwa >PP< badala ya >ABS<, hapo lazima praima ya kushikisha plastiki, la sivyo rangi itabanduka vipande vizima kama ganda la yai.

Kiasi, kwa vipande viwili vya ukubwa huo: rangi mililita 250 kabla ya thina inatosha pamoja na vibao vya majaribio. Klia mililita 400 kwa hadina 200 ikiwa kopo linasema 2:1. Soma kopo, usimsikilize jirani. Kuna klia za 4:1, na ukizidisha hadina haikauki haraka, inakuwa ngumu na kupasuka. Klia iwe ya hadina kwa sababu petroli itadondoka. Ile ya kopo la kupuliza inalainika na kuacha doa mara ya kwanza tu sheli wakimwaga.

Na barakoa. Hadina ina isosaneti, kemikali inayodhuru mapafu, barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii kitu. Iwe ya katriji za mvuke, nje penye upepo, watoto mbali.

kibao_cha_jaribio

Mmetaja vibao kwa kupita, kumbe ndipo kazi ilipo. Kata vipande vya plastiki au bati ukubwa wa kadi ya simu, vipige praima ileile. Katikati bandika selotepu nyeusi na nyeupe pembeni kwa pembeni. Puliza mkono mmoja kwenye cha kwanza, miwili cha pili, mitatu cha tatu. Pale mpaka wa nyeusi na nyeupe unapopotea ndipo rangi imefunika. Chini ya hapo praima inashiriki kwenye rangi yako utake usitake.

Kisha piga klia nusu ya kila kibao. Usilinganishe rangi isiyo na klia na tangi, ikiwa kavu inaonekana imepauka kuliko ilivyo. Shikilia kibao juu ya tangi kwa mlalo uleule, kivulini asubuhi, tazama uso kwa uso, nusu pembe, na ubavu kabisa. Rudia usiku chini ya taa. Kikikubali mchana na kukataa usiku, viungo vya rangi vyenyewe ni tofauti na vya kiwandani, na hapo rudi dukani, bunduki haina kosa. Nyuma ya kila kibao andika presha, umbali na idadi ya mikono.

mstari_mweusi

Mimi ni wa kambi nyingine. Kava la chini lipige nyeusi ya kufifia, basi. Liko chini, linapigwa kokoto, limetenganishwa na tangi kwa injini nzima, nani atalinganisha? Bluu ibaki kwenye feringi ya taa peke yake, na pale inapokaribiana na tangi weka mstari mweusi wa stika wa milimita 8 hadi 10. Jicho linaona tofauti ndogo pale tu bluu mbili zinapogusana. Pikipiki nyingi za kiwandani zimegawanywa kwa nyeusi namna hiyo, na sidhani ni kwa urembo tu.

rangi_gerezani

Hata mimi kava la chini ningelipiga nyeusi. Likibaki bluu, angalia bomba la eksozi: likipita chini ya sentimita 3 au 4 kutoka kwenye plastiki, klia itageuka njano hapo na ABS italegea. Bandika foili ya kuzuia joto upande wa ndani. Usifunge bolti siku ya pili. Ipe klia siku 5 hadi 7, weka washa za mpira kila tundu, kaza kwa mkono. Bolti ikikazwa mapema, klia inapasuka kuzunguka kichwa chake na maji yanaanza kuingia chini ya rangi kuanzia hapohapo.